Fundi aliyezamisha meli bwawani

Hivi majuzi mwalimu mmoja wa Kibera alinialika nizungumze na wanafunzi wake wa shule ya upili juu ya lugha na vyombo vya habari. Kabla sijamaliza, msichana aliyeketi nyuma aliinuka akaniuliza swali lililonifunga kinywa. Alitaka kujua hivi: ikiwa filamu ya vita imeundwa kwa ustadi hata ikatutoa machozi, tutatambuaje kwamba haitudanganyi? Nilimwomba anipe muda. Jibu langu, msomaji mpendwa, nimelipata katika maisha ya Mjapani mmoja ambaye kazi yake inajulikana hapa kwetu hata na wasiolijua jina lake.

Eiji Tsuburaya alizaliwa Julai 1901 katika mji wa Sukagawa, mkoani Fukushima. Mamaye alifariki angali mtoto wa miaka mitatu, akalelewa na jamaa zake. Ndoto yake ya utotoni ilikuwa kuruka angani. Alichonga ndege za mbao, na alipopata umri alijiunga na shule ya urubani huko Haneda. Lakini mnamo 1917 mwalimu wa shule hiyo alikufa katika ajali ya ndege, na milango ikafungwa. Kijana huyo akajitafutia riziki kwa kubuni vitu vya kuchezea watoto, hadi mwaka 1919 alipoingia katika kazi ya kupiga picha za sinema. Filamu ya King Kong ya mwaka 1933 ndiyo iliyomwonyesha njia. Aliichunguza picha kwa picha ili agundue jinsi sanamu ndogo ilivyogeuzwa kuwa jitu la kutisha.

Ustadi huo haukuchelewa kupata mnunuzi. Mnamo Desemba 1942, mwaka mmoja baada ya Japani kuishambulia Pearl Harbor, kampuni ya Toho ilitoa filamu ya kuusifu ushindi huo kwa agizo la jeshi la majini. Mwelekezi alikuwa Kajiro Yamamoto. Hadaa za kamera zilikuwa za Tsuburaya. Jeshi lilificha siri zake, kwa hiyo mafundi walikisia ukubwa wa meli kwa kuchungua picha za magazetini. Bandari nzima ilijengwa studioni, na manowari za mfano zikateketea bwawani mbele ya kamera. Wajapani kwa maelfu waliitazama filamu hiyo wakashangilia. Katika meli zile za mbao hapakuwa na mtu hata mmoja, na hapo ndipo uongo wake ulipojificha.

Japani iliposhindwa, hesabu ilifika. Mnamo 1948, chini ya utawala wa Wamarekani, Tsuburaya aliwekwa miongoni mwa waliozuiwa kushika kazi kwa sababu ya filamu zao za vita, naye akaondoka Toho. Alifungua karakana nyumbani kwake na kuishi kwa vibarua. Aliporudi katika miaka ya hamsini alikuwa na ujuzi uleule na mikono ileile, lakini kitu fulani kilikuwa kimebadilika. Mwaka 1954, pamoja na mwelekezi Ishiro Honda, aliyekuwa askari nchini China kwa miaka mingi, alimuunda Godzilla. Safari hii mji mdogo wa studioni ulipopondwa, kamera ilikaa na wajane, na majeruhi, na watoto wanaolia hospitalini.

Kisha mwaka 1959 ikaja filamu juu ya nyambizi iitwayo I-57, iliyoelekezwa na Shue Matsubayashi, mtu aliyetumikia jeshi la majini wakati wa vita. Nyambizi hiyo inaagizwa kumpeleka mwanadiplomasia wa Ulaya na bintiye hadi Visiwa vya Canary, kwa matumaini ya kutafuta amani. Mabaharia wananung'unika, kwa kuwa walikuja kupigana. Mwishowe matumaini yanakatika, abiria wanashushwa, na nyambizi inakwenda kupigana vita vyake vya mwisho. Nahodha aliigizwa na Ryo Ikebe, ambaye vitani meli iliyombeba ilizamishwa na nyambizi ya Kimarekani. Tsuburaya alizisimamia hadaa zake za majini kama alivyofanya mwaka 1942, ila sasa ndani ya chuma kile mlikuwa na watu wenye hofu, jasho na mashaka.

Mimi ni mwanaisimu, na siwezi kulitazama jambo hili isipokuwa kwa jicho la sarufi. Katika kila sentensi ya vita yupo mtenda na yupo mtendwa. Filamu ya 1942 ilimtukuza mtenda ikamfuta mtendwa. Filamu ya 1959 ilimpa mtenda moyo wa kibinadamu, na hilo si jambo dogo. Hata hivyo, waliomo ndani ya meli zinazopigwa hubaki mbali, moshi kwenye upeo wa macho. Nami nina sababu ya kuwauliza watu hao.

Mapema Februari 1944 meli Khedive Ismail iling'oa nanga Kilindini pamoja na msafara wake, ikielekea Ceylon, nchi iitwayo leo Sri Lanka. Ndani yake walikuwamo wanajeshi 996 wa kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki, pamoja na wauguzi na mabaharia. Tarehe 12, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga kwa topido. Ilizama kwa muda wa dakika mbili hivi. Kati ya watu 1,511 waliokuwamo, 1,297 waliangamia. Manowari za Kiingereza, Petard na Paladin, ziliiwinda I-27 mpaka nayo ikazama, na baadhi ya mabomu ya kina yaliyorushwa yaliripuka karibu na manusura waliokuwa wakielea majini.

Askari wetu waliopotea siku hiyo wamekumbukwa katika makaburi ya vita yaliyo kando ya barabara ya Ngong, si mbali na Kibera. Kibera yenyewe ni mtoto wa jeshi. Wanubi, wazao wa askari wa Kisudani waliotumikia King's African Rifles, waliwekwa katika msitu huo mwanzoni mwa karne ya 20, na Kibra kwa lugha yao ndio msitu. Walingoja hadi 2017 ndipo jamii yao ikapewa hati ya ardhi ya ekari 288. Hao nao wamekuwa watendwa wa sentensi ndefu.

Tsuburaya alifariki Januari 1970, akiwa na umri wa miaka 68. Simhukumu, wala simtakasi. Maisha yake yanatufunza kwamba ustadi hauna dhamiri yake wenyewe; mikono iliyoificha maiti ndiyo iliyokuja kumfichua mjane. Kwa hiyo, binti yangu uliyeuliza, machozi yako hayatoshi kuwa ushahidi. Filamu ikikuliza, uliza ni nani aliyeilipia, ni nani mtenda, na ni nani asiyeonyeshwa uso.

Nanyi walimu wenzangu, safari ya kutoka Kibera hadi makaburini haihitaji basi. Wapelekeni wanafunzi wakasome majina yale kwa sauti, kisha warudi kuwauliza wazee wa mtaani ni nani katika jamaa zao aliyekwenda vitani asirudi. Majibu yaandikwe maadamu wazee wangalipo. Mwenye kamera atakapotokea, akute sentensi imekwisha kuanzwa, na watu wetu wakiwa ndio watenda.