Charles Mant

Charles Mant (alifariki 1881) alikuwa afisa wa jeshi, mhandisi na msanifu majengo Mwingereza aliyefanya kazi Uhindi wakati wa utawala wa Uingereza. Anajulikana hasa kwa kuchora ramani ya Kasri la Lakshmi Vilas mjini Baroda (leo Vadodara, jimbo la Gujarat), mojawapo ya makasri makubwa zaidi yaliyojengwa Uhindi katika karne ya 19. Alifariki kabla kasri hilo halijakamilika, akiamini kwamba majengo yake yangeanguka.

Kazi za mwanzo

Mant alikuwa katika kikosi cha wahandisi cha jeshi la Uingereza na alifikia cheo cha meja. Wakati ule majengo mengi ya serikali ya kikoloni yalichorwa na wahandisi wa jeshi, watu waliozoea zaidi barabara, madaraja na kambi. Mant alivutiwa na mahekalu, misikiti na ngome za wenyeji, akaanza kutumia maumbo yao katika kazi zake za Surat na Kolhapur. Namna hiyo ya kuchanganya ujenzi wa Kihindu, wa Kiislamu na wa Ulaya baadaye iliitwa mtindo wa Indo-Saraseni.

Mwaka 1870 Rajaram II, maharaja kijana wa Kolhapur, alifariki mjini Florence, Italia, akiwa njiani kurudi nyumbani kutoka Uingereza. Mwili wake ulichomwa kando ya mto Arno kwa desturi ya Kihindu. Mant alichora kibanda cha kumbukumbu chenye kuba kilichojengwa mahali hapo mwaka 1874, na ndani yake kuna sanamu ya marehemu. Bado kipo katika bustani ya Cascine, na daraja la karibu limepata jina lake kutokana na Mhindi huyo.

Mjini Ajmer, Mant alichora jengo kuu la Mayo College, shule iliyoanzishwa kwa ajili ya wana wa watawala wa Kihindi. Ramani kadhaa za mitindo mingine, ukiwemo wa Kigiriki, zilifikiriwa kabla ya ile yake kukubaliwa. Jengo lilikamilika mwaka 1885.

Kasri la Lakshmi Vilas

Baada ya uasi wa 1857 Waingereza waliwaacha mamia ya watawala wa kienyeji waendelee kukaa katika viti vyao, chini ya usimamizi wao. Mtawala wa aina hiyo aliishi maisha ya pande mbili. Alipaswa kumkaribisha gavana Mwingereza mezani kwa desturi za Ulaya, na vilevile kufanya baraza la kifalme mbele ya watu wake, huku wanawake wa nyumba yake wakikaa pasipoonekana na wageni. Kwa hiyo mchanganyiko wa mitindo haukuwa pambo tu. Nyumba yenyewe ilipaswa kutosheleza mahitaji hayo yote.

Huko Baroda maharaja alikuwa Sayajirao III wa ukoo wa Gaekwad, aliyetolewa kijijini mwaka 1875 akiwa na umri wa miaka 12 tu ili arithi kiti cha mtawala aliyeondolewa na Waingereza. Mant aligawa kasri lake katika sehemu tatu: vyumba vya shughuli za hadhara, makazi ya maharaja mwenyewe, na sehemu ya wanawake. Kila sehemu ilipewa sura yake kwa nje, kwa kuba, matao na minara ya asili mbalimbali. Mbele jengo lina urefu wa zaidi ya mita 150, na gharama yake hutajwa kuwa takriban pauni 180,000. Ukumbi wa baraza una sakafu ya mozaiki ya Kiitalia na madirisha ya vioo vya rangi kutoka Ulaya.

Kifo

Kufikia mwaka 1881 Mant alikuwa na kazi kubwa kadhaa kwa wakati mmoja, zikiwemo makasri ya Baroda, Kolhapur na Darbhanga. Akili yake ilivurugika. Alishikwa na wazo kwamba amekosea hesabu na kwamba makasri yake yataporomoka. Alifariki mwaka huohuo, na masimulizi mengi yanasema alijiua. Mwishoni mwa mwaka huo Sayajirao alikabidhiwa madaraka kamili.

Ujenzi wa Baroda uliendelezwa na msanifu Robert Fellowes Chisholm, aliyekuwa amejenga sana Madras. Alifuata ramani ya Mant, na mapambo mengi ya ndani huhusishwa naye. Kasri lilikamilika mwaka 1890. Hofu ya Mant haikutimia: hata baada ya tetemeko la ardhi la 26 Januari 2001, lililoua maelfu ya watu katika jimbo la Gujarat, kasri liliendelea kusimama.

Leo ukoo wa Gaekwad bado unaishi humo, na baadhi ya vyumba hufunguliwa kwa watalii. Kasri la Kolhapur lina jumba la makumbusho, na Mayo College inaendelea kuwa shule ya bweni.