Roberto Clemente na Jina Lake

Nilipokuwa mwaka wa kwanza nilichekwa darasani kwa sababu Kifaransa changu kilikuwa na lafudhi ya nyumbani. Labda ndiyo maana maisha ya Roberto Clemente yalinishika.

Besiboli hatuichezi huku kwetu. Itoshe kujua kwamba mchezaji hupiga mpira kwa gongo, kisha hukimbilia vituo vinne vilivyomo uwanjani. Wengi huwa hodari wa jambo moja. Clemente, mzaliwa wa Carolina, Puerto Rico, mwaka 1934, aliyaweza yote: kupiga, kukimbia, kudaka, na hasa kurusha. Alisimama mbali kabisa upande wa kulia, na kutoka huko mkono wake ulimwahi mkimbiaji kabla hajagusa kituo. Aliichezea Pittsburgh Pirates tangu 1955 hadi 1972. Alipata tuzo ya Gold Glove, ya walinzi bora, mara 12. Akawa mpigaji wa kwanza katika ligi yake mara 4. Na mara 3,000 kamili alipiga mpira akafika kituoni salama.

Lakini waandishi wa magazeti waliandika Kiingereza chake vile kilivyosikika, pamoja na makosa yake, wasomaji wapate kucheka. Jina lake wakaligeuza kuwa Bob, hata kwenye kadi za picha za wachezaji. Yeye alishikilia kuwa anaitwa Roberto.

Mwaka 1971 Pirates waliwashinda Baltimore Orioles katika fainali, naye akatangazwa mchezaji bora. Mbele ya televisheni ya Marekani, kabla ya kujibu kwa Kiingereza, alisema kwanza kwa Kihispania, akawabariki watoto wake na kuwaomba wazazi wake baraka. Kwangu mimi, hilo linapita yale mapigo 3,000.

Desemba 1972 tetemeko la ardhi liliubomoa mji wa Managua, Nicaragua. Aliposikia kwamba misaada inaporwa na askari, akaamua kuisindikiza mwenyewe. Ndege ilijazwa kupita kiasi. Usiku wa tarehe 31 ilianguka baharini karibu na San Juan. Mwili wake haukupatikana.

Mwaka 1973, bila kungojewa miaka mitano ya kawaida, aliingizwa katika Jumba la Mashujaa la Cooperstown. Kibao chake kiliandikwa Roberto Walker Clemente. Kumbe kwa desturi ya wasemaji wa Kihispania jina la baba hutangulia, la mama hufuata, na Walker lilikuwa la mama. Kosa hilo lilikaa ukutani hadi mwaka 2000, ndipo kikatundikwa kibao kingine: Roberto Clemente Walker.