Anton Chekhov, Daktari Aliyeandika "Harusi"

Anton Pavlovich Chekhov alizaliwa tarehe 29 Januari 1860 mjini Taganrog, bandari ya kusini mwa Urusi. Babu yake alikuwa mtumwa wa shamba, mali ya tajiri mwenye ardhi, mpaka alipojikomboa kwa pesa zake mwaka wa 1841. Baba yake alifungua duka, lakini mwaka wa 1876 lilifilisika naye akatorokea Moscow kuwakwepa waliomdai. Anton, kijana wa miaka kumi na sita kama sisi, aliachwa nyuma amalize shule. Alijilisha kwa kufundisha watoto wa wenyewe, na visenti vilivyobaki akawapelekea wazazi.

Mwaka wa 1879 alijiunga na Chuo Kikuu cha Moscow kusomea udaktari. Jamaa yote ilimtegemea, basi akawa anaandika vihadithi vya kuchekesha magazetini ili wapate chakula. Alifuzu mwaka wa 1884. Wakati mmoja walipanga nyumba ambayo orofa ya juu ilikuwa ukumbi wa kukodisha kwa harusi. Usiku kucha ni muziki na vishindo tu!

Mwaka wa 1889 aliandika mchezo wa tendo moja uitwao "Harusi". Ndani yake bwana harusi ananung'unikia mali aliyoahidiwa, maana kwa Warusi wa enzi hizo ukoo wa bibi harusi ndio uliotoa, si kama kwetu Turkana ambako mume hutoa ng'ombe, ngamia na mbuzi. Mama mtu naye anataka jenerali mezani ili ajivune. Anampa rafiki rubo 25 amtafute. Rafiki anazitia mfukoni, kisha analeta mzee mmoja asiyesikia vizuri, nahodha mstaafu wa jeshi la majini. Maskini mzee, anadhani amealikwa kwa mapenzi! Anasimulia habari za meli mpaka watu wanachoka. Siri inapofichuka anafokewa, ilhali hakuonja hata senti moja. Anatoka kwa aibu, na hapo kicheko chakukwama kooni.

Ndugu msomaji, je, hayo ni ya Urusi peke yake? Hata hapa Kanamkemer, mwenye gari huwekewa kiti kivulini, na mzee aliyekuja kwa miguu akaachwa juani.

Chekhov hakuishia kwa maneno. Mwaka wa 1890 alisafiri hadi kisiwa cha Sakhalin, akawahesabu wafungwa na kuandika taabu zao. Mwaka wa 1892, njaa ilipofuatwa na kipindupindu, alihudumia vijiji 25 bila mshahara. Sisi tunaoijua njaa tunaelewa uzito wa kazi hiyo. Tena alijenga shule tatu za watoto wa wakulima.

Yeye mwenyewe alimwoa mwigizaji Olga Knipper mwaka wa 1901. Kumbe, marafiki walialikwa chakula mahali pengine huku maarusi wakifunga ndoa kimyakimya! Kifua kikuu kilimuua nchini Ujerumani tarehe 15 Julai 1904, akiwa na miaka 44.

Wanachama wenzangu, tukitafuta mchezo wa kuigiza, huu unatufaa: chumba kimoja, meza moja na wageni. Ila atakayekuwa yule mzee asituchekeshe tu. Atufanye tumwonee haya.