Rothschild: Mtu wa benki aliyetetea nyasi na maua ya porini

NATHANIEL Charles Rothschild alizaliwa London Mei 9, 1877, katika ukoo wa wenye benki uliokuwa miongoni mwa matajiri wakubwa wa Ulaya. Alisoma Cambridge, kisha akaingia katika benki ya familia na kuitumikia kwa uaminifu. Moyo wake, hata hivyo, ulikuwa kwa wadudu, na hasa viroboto. Alizieleza kisayansi mamia ya aina zake, akiwamo kiroboto wa panya aenezaye tauni, aliyepatikana Shendi, Sudan, na kupewa jina mwaka 1903. Kwa mtu aliyefanya sayansi baada ya saa za kazi, hilo si jambo dogo.

Wapenda maumbile wa zama zake walizoea kumtetea ndege huyu au kipepeo yule. Rothschild alitambua kuwa juhudi hizo ni bure endapo makazi ya viumbe hao yataachwa yalimwe. Mwaka 1910 alinunua kinamasi cha Woodwalton, mashariki mwa England, mojawapo ya mabaki machache katika eneo lililokuwa limekaushwa kwa kilimo. Nyasi na maua ya mahali kama hapo hutegemea mkono wa binadamu: zisipokatwa au kulishwa mifugo, vichaka huzimeza.

Ndivyo yalivyo pia malisho ya jadi ya Kiingereza, ambayo nyasi zake hukatwa na kukaushwa ziwe chakula cha mifugo wakati wa baridi. Hukatwa kiangazi, maua yakishadondosha mbegu, kisha mifugo huingizwa. Mbolea ya kiwandani ni adui yake, kwani ardhi ikinona, nyasi ndefu huyasonga maua, na nyuki na vipepeo hukosa riziki.

Mei 1912, Rothschild aliongoza kuanzishwa kwa chama cha kuendeleza hifadhi za maumbile. Mwaka 1915 chama hicho kiliikabidhi Bodi ya Kilimo orodha ya maeneo 284 yaliyostahili kulindwa. Ilikuwa wakati wa vita. Serikali ilitaka chakula, si maua, na orodha haikufanyiwa kazi.

Baada ya kuugua kwa miaka kadhaa, Rothschild alijiua Oktoba 1923, akiwa na umri wa miaka 46. Sheria ya kulinda maeneo ya namna hiyo ilipitishwa mwaka 1949. Baadhi ya maeneo aliyoyaorodhesha yalikuwa yamekwisha kuharibiwa, na kati ya miaka ya 1930 na 1984 England na Wales zilipoteza takriban asilimia 97 ya malisho yake ya maua.

Woodwalton, aliyoikabidhi kwa chama chake mwaka 1919, ni hifadhi ya taifa hadi leo. Binti yake Miriam, mwanasayansi wa viroboto kama baba yake, aliyefariki mwaka 2005, aliotesha upya maua ya porini katika ardhi ya familia huko Ashton. Mchanganyiko wake wa mbegu aliupa jina la Jinamizi la Mkulima.