Mtakatifu Yoane Bosco, Padri Aliyecheza na Watoto

Yoane Bosco alizaliwa tarehe 16 Agosti 1815 katika kijiji cha Becchi, upande wa Torino, katika nchi iitwayo leo Italia. Jamaa yake walikuwa wakulima maskini. Baba yake, Francesco, alifariki mwaka 1817, na Yoane alikuwa hajatimiza hata miaka miwili. Mama yake, Margherita, akabaki mjane mwenye watoto watatu wa kiume: Antonio, aliyezaliwa na mke wa kwanza wa Francesco, kisha Giuseppe na Yoane. Margherita hakujua kusoma wala kuandika, lakini aliijua katekisimu, akawafundisha watoto wake sala na kazi.

Katika pembe ya nyumba palikuwa na fimbo, nayo watoto waliijua. Lakini mama hakuwa mwepesi wa kuishika. Siku moja, Yoane alipokuwa na miaka minane hivi, alipanda juu ya kiti ili afikie kitu kilichowekwa juu, akaangusha chupa ya mafuta, ikavunjika. Alijaribu kufuta mafuta, asiweze. Basi akaenda kukata fimbo, akaichonga vizuri, akamngojea mama yake njiani. Alipomwona akamwungamia kosa lake, akamtolea ile fimbo. Mama akacheka, akamsamehe, akamwonya afikiri kwanza kabla ya kutenda. Somo hilo halikutoka moyoni mwa Yoane maisha yake yote: mtoto asiyeogopa kusema kosa lake amekwisha kulishinda nusu.

Alipokuwa na miaka tisa aliota ndoto. Aliona watoto wengi wakicheza, na baadhi yao wakitukana. Yoane akawarukia, akawapiga ngumi ili wanyamaze. Hapo akatokea Bwana mmoja mwenye uso wa kung’aa, akamwambia kwamba hatawapata watoto hao kwa mapigo bali kwa upole na mapendo. Yoane akaamka, na ngumi zake zilikuwa kama zinamwuma. Tangu siku ile alitafuta njia ya kuwavuta wenzake kwa wema.

Akaipata njia hiyo katika michezo. Siku za soko alikwenda kuwatazama wacheza sarakasi na wafanya viini-macho, akachungua kila kitendo, kisha akarudi nyumbani kujizoeza mpaka akakiweza. Alianguka mara nyingi. Mwisho akajua kutembea kwa mikono, kupinduka hewani na kutembea juu ya kamba iliyofungwa kati ya miti miwili. Siku ya Dominika watu wa kijiji walikusanyika kumtazama. Lakini aliwapa sharti: kwanza walisali rozari, kisha walisikiliza mafundisho ya padri aliyoyashika kichwani asubuhi ile, baadaye mchezo ukaanza. Asiyetaka kusali hakuruhusiwa kutazama.

Kaka yake Antonio hakupendezwa. Alimwona Yoane kuwa mvivu apendaye vitabu na michezo, akamtesa kwa maneno na kwa mapigo. Ugomvi ukazidi, hata Margherita, kwa uchungu mwingi, akamtuma Yoane kwenda kutafuta kazi kwa watu wengine, naye akawa mtumishi katika shamba la jamaa ya Moglia. Hivyo alijua mapema jinsi moyo wa mtoto unavyoumia mkubwa wake asipomfahamu.

Mwaka 1831 alikwenda kusoma katika mji wa Chieri. Huko aliwakusanya wanafunzi wenzake katika chama kilichoitwa Chama cha Furaha. Sheria zake zilikuwa chache: kufanya vema kazi ya shule na ya dini, kuepuka maneno na matendo yasiyomfaa mkristo, na kuwa na furaha. Ikatokea kwamba mcheza sarakasi mmoja alikuja mjini, akaanza kuonyesha ufundi wake siku ya Dominika, saa ya ibada kanisani. Vijana wakamkimbilia, kanisa likabaki tupu. Yoane akakubali kushindana naye mbele ya watu.

Kwanza walishindana mbio kwa faranga 20, Yoane akashinda. Kisha wakaweka faranga 40, wakaruka mfereji wa maji. Yule mtu aliruka hata miguu yake ikagusa ukuta wa ng’ambo, na ilionekana kwamba hakuna awezaye kupita hapo. Yoane akaruka kama yeye, lakini akaweka mikono juu ya ukuta, akajirusha upande wa pili. Mara ya tatu, kwa faranga 80, walichezesha kijiti kisianguke, toka vidoleni hata begani, kidevuni na puani. Pua ya yule mtu ilikuwa ndefu kidogo, kijiti kikaigonga, kikaanguka. Mwisho, kwa faranga 100, walipanda mti mrefu. Yule mtu alifika karibu na ncha, ambapo mti ungevunjika kama angeendelea. Yoane akafika palepale, akashika mti kwa mikono, akainua miguu yake juu ya kichwa, hata ikapita mahali alipofika mwenzake.

Mtu yule akaanza kulia, kwa sababu alikuwa amepoteza mali yake yote. Yoane na wenzake wakamhurumia. Wakamrudishia fedha zake, na badala yake awalipie chakula tu. Naye akawashukuru kwa kumwokoa katika hasara, akaahidi kutoshindana tena na wanafunzi. Ndivyo Yoane alivyowafundisha vijana wake kushinda: anayemshinda mwenzake asimwaibishe wala asimwangamize.

Tarehe 5 Juni 1841 Yoane Bosco alipewa upadri mjini Torino. Siku ya 8 Desemba mwaka uleule, alipokuwa akijitayarisha kwa Misa, alisikia kelele katika sakristia. Mlinzi wa kanisa alikuwa akimpiga kijana maskini kwa sababu hakujua kutumikia Misa. Padri akamzuia, akamwita kijana arudi. Jina lake lilikuwa Bartolomeo Garelli, mjenzi wa nyumba, yatima asiyejua katekisimu. Padri akasema naye kwa upole, akaanza kumfundisha siku hiyohiyo. Dominika iliyofuata Garelli alirudi na wenzake.

Vijana wakaongezeka hata wakawa mamia. Walisali, walijifunza, walikimbia, walicheza mpira na muziki. Majirani walilalamika juu ya makelele, na mara nyingi Padri Bosco alifukuzwa mahali pamoja akatafuta pengine. Siku ya Pasaka ya mwaka 1846 walipata banda hafifu na uwanja huko Valdocco. Muda si mrefu, padri akaugua kwa kazi nyingi, akawa karibu na kufa. Vijana wake wakamwombea usiku na mchana, na wengine wakafunga chakula. Akapona.

Mama Margherita akaja Torino kuwa mama wa vijana hao. Aliwapikia, aliwashonea nguo, alilima bustani ndogo ya mboga. Siku moja watoto walicheza vita, wakaingia bustanini, wakakanyaga kila kitu. Mama akachoka, akataka kurudi kijijini kwake. Mwanawe hakumjibu neno, bali alimwonyesha msalaba uliotundikwa ukutani. Mama akautazama, akarudi kazini, wala hakuondoka tena mpaka kufa kwake mwaka 1856.

Kati ya watoto wa Valdocco alikuwapo Dominiko Savio, aliyefika mwaka 1854. Mtoto huyu alitamani kuwa mtakatifu, akaanza kukaa peke yake na kuacha michezo. Padri Bosco akamkataza. Akamfundisha kwamba Mungu hataki huzuni kwa mtoto, na kwamba njia yake ni kutimiza wajibu wake, kusali vema, na kucheza na wenzake kwa furaha. Dominiko akatii. Alikufa mwaka 1857, hajatimiza miaka 15. Papa akamwandika kati ya watakatifu mwaka 1954.

Mwaka 1877 Padri Bosco aliandika juu ya malezi ya vijana. Alisema mkubwa hana budi kuwa katikati ya watoto kama baba, awaongoze kwa akili, kwa dini na kwa wema, ili awakinge na kosa kabla halijatendeka. Alitaka waachiwe nafasi tele ya kuruka, kukimbia na kupiga kelele. Alikataza kuwapiga, kuwavuta masikio na kuwapigisha magoti kwa maumivu. Na mwenye kosa aonywe kwa siri, si mbele ya wenzake. Mwaka 1884 aliwaandikia walezi wa Valdocco kwa huzuni, kwa maana walikuwa wameacha kucheza na watoto, wakasimama kando wakiongea wao kwa wao. Haifai kitu, alifundisha, mkubwa kumpenda mtoto moyoni, ikiwa mtoto mwenyewe haoni kwamba anapendwa.

Alikufa Torino tarehe 31 Januari 1888, na sikukuu yake huadhimishwa siku hiyo. Papa Pio XI alimtangaza mtakatifu mwaka 1934. Wanashirika wake, Wasalesiani, walifika Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mwaka 1911.

Mzazi akiwaona watoto wakipiga mpira wao wa majani ya migomba, na mwalimu akiwaongoza uwanjani, wamkumbuke padri huyu. Mtoto aliyeangusha mpira hahitaji matusi mbele ya watu. Anahitaji mkubwa anayemkaribia, anayemwonyesha tena, na anayefurahi pamoja naye, ashinde au ashindwe.