Paul Bigsby: Fundi wa Pikipiki Aliyelipa Gitaa Miguu

Anayenunua udi mkuukuu huuchungulia kwenye tundu la kifuani, na aghalabu hukuta kikaratasi chenye jina la fundi, mji wake na mwaka. Lakini liko gitaa moja la Kimarekani lisilo na tundu wala tumbo, na wanunuzi wa vitu vya kale huligeuza juu chini wakiuliza nani aliyelitengeneza. Leo nataka kumweleza fundi mmoja ambaye kazi yake, kwa wenye kujua, haihitaji kikaratasi.

Kwanza tulifahamu gitaa lenyewe. Halipakatwi kifuani, bali hulazwa juu ya miguu kama meza, mpigaji akaketi nyuma yake. Mkono mmoja hukwanyua nyuzi, na wa pili huteleza juu yake na kipande cha chuma, na sauti ikavutika kama mtu anayelia kwa kwikwi. Asili yake ni visiwa vya Hawaii, na Joseph Kekuku ndiye anayehesabiwa kuwa mwanzilishi wake. Sisi wa Pwani sauti hiyo si ngeni masikioni mwetu, kwani wapigaji wa Bombay waliitia katika nyimbo nyingi za filamu za Kihindi, zile zile ambazo mahadhi yake yaliingia katika taarab ya Mombasa.

Upungufu wake ulikuwa mmoja. Kipande cha chuma hukaa sawasawa juu ya nyuzi zote, kwa hivyo mpigaji hawezi kupandisha uzi mmoja na kuacha wenziwe. Mpiga kanuni wetu anavyo vile vijichuma vidogo ubavuni, huviinua na kuvilaza kwa vidole ili kubadili sauti ya nyuzi. Mpiga gitaa hili mikono yake yote miwili ina kazi. Kilichobaki ni miguu. Ndipo mafundi wakafikiri kutia makanyagio kama ya cherehani, yavute nyuzi kwa chini. Kampuni ya Gibson ilikwisha kutoa gitaa la namna hiyo kabla ya vita vikuu vya pili kuenea, kwa hivyo si haki kusema kwamba Bigsby ndiye aliyebuni makanyagio. Yeye aliyafanya yawe kitu cha kutegemewa.

Paul Adelburt Bigsby alizaliwa tarehe 12 Desemba, 1899, huko Elgin katika jimbo la Illinois, kisha akahamia Los Angeles. Kazi yake haikuwa muziki. Alikuwa fundi wa kalibu, yaani yule anayechonga umbo la mti ambalo kwalo hutengenezwa mahali pa kumimina madini yaliyoyeyushwa. Tena alikuwa mpenda pikipiki wa kufa na kupona, akishindana katika mbio zake, na katika miaka ya thelathini akawa msimamizi katika karakana ya Crocker, iliyotengeneza pikipiki ambazo matajiri wa leo huzigombania kwa bei ya jumba.

Mimi naona siri yote imo humo. Alipoanza kutengeneza magitaa katika miaka ya arobaini hakwenda dukani kununua vyuma. Alichonga kalibu zake mwenyewe, akasubu alumini, akaipiga msasa hadi ikang'ara. Hata kile kidude kinachonasa sauti na kuipeleka kwenye umeme alikizungushia waya yeye mwenyewe. Mti aliopenda ni ule wa maple wenye madoa kama macho ya ndege. Kwenye chombo aligonga tarehe aliyokimaliza, mwezi, siku na mwaka, na hiyo ikawa ndiyo nambari yake. Mbele, mara nyingi, aliandika kwa herufi kubwa jina la mteja!

Mwaka wa 1948 alimtengenezea Speedy West gitaa la makanyagio lenye shingo tatu. Mwaka huo huo mwimbaji Merle Travis alimchorea kwenye karatasi gitaa la kawaida la kupakata, lakini lisilo na tumbo, ili sauti yake idumu kama ya lile la kulaza. Bigsby akalifanya, vifungo vyote sita vya kukazia nyuzi vikiwa upande mmoja wa kichwa. Gitaa hilo liko katika nyumba ya kumbukumbu ya muziki huko Nashville. Baadaye Leo Fender, jirani yake, alitoa kwa maelfu magitaa yenye vichwa vya namna hiyo, na mzozo wa nani alimwiga nani haujesha. Kwa rai yangu wote wawili walichelewa, maana Stauffer wa Vienna alikwisha fanya hivyo katika karne ya kumi na tisa.

Mwishoni mwa 1953 Bud Isaacs alipiga gitaa la Bigsby katika wimbo wa Webb Pierce uitwao Slowly. Wenziwe walikanyaga kati ya sauti na sauti. Yeye alikanyaga huku nyuzi zikilia, na watu wakasikia sauti moja ikipanda ilhali nyingine zimetulia. Wimbo ulipovuma 1954, kila mpigaji alitaka makanyagio. Bigsby alifanya kazi kwa mkono wake na foleni yake ilikuwa ndefu, basi wengine wakayapachika makanyagio kwenye magitaa yao ya zamani. Hapo ndipo ulipoanza mtihani wa wanunuzi wa leo, kwani huenda ubao ukawa wa fundi huyu na miguu ya yule.

La Bigsby ndilo lisilosumbua. Nati na wenzo wake, na hata umbo la alumini pale mwisho wa nyuzi, vyote vyatoka mkono mmoja.

Riziki yake kubwa, hata hivyo, ilitoka kwenye kitu kidogo. Travis alimletea gitaa ambalo mkono wake wa kutikisa nyuzi ulikuwa ukiharibu sauti. Bigsby akaunda mkono mpya wenye springi, na viwanda vikubwa vikaununua. Mwanzoni mwa 1966, afya yake ikiwa dhaifu, aliuza biashara kwa Ted McCarty, aliyekuwa mkuu wa Gibson. Akafariki tarehe 7 Juni, 1968.

Mkono ule wa springi uliendelea kuuzwa kwa jina lake. Kampuni ya Gretsch iliinunua biashara hiyo mwaka wa 1999, na mwaka wa 2019 ikaingia mikononi mwa kampuni ya Fender, wale wale wa mzozo wa vichwa.