Franco Luambo: yatima wa Ngiri-Ngiri aliyelelewa na gitaa la mkebe

Kabla ya kuitwa Grand Maître, Franco Luambo Makiadi alikuwa mtoto asiye na baba, aliyeacha shule mapema, katika mtaa wa watu wa hali ya chini mjini Léopoldville, mji tunaouita leo Kinshasa. Nyimbo zake bado zinapigwa katika arusi, katika matanga na katika redio zetu hapa mashariki. Lakini wengi wanaozicheza hawajui ni ujana wa namna gani uliozaa muziki huo.

Franco alizaliwa tarehe 6 Julai 1938 huko Sona-Bata, katika jimbo ambalo leo ni Kongo-Kati. Baba yake, Joseph Emongo, alikuwa mfanyakazi wa reli. Mama yake, Hélène Mbongo Makiese, alikuwa akitengeneza mandazi na kuyauza sokoni. Familia ilihamia Léopoldville wakati Franco alikuwa bado mdogo, na yeye ndiye aliyekuwa kifungua mimba.

Mkebe, ubao na nyaya

Alipokuwa na umri wa miaka saba hivi, Franco alijitengenezea gitaa lake la kwanza. Alichukua mkebe mtupu na kipande cha ubao, akafunga juu yake nyaya za umeme alizozichuna kuwa nyuzi. Watoto wa Goma, Bukavu au Bunia wanakifahamu kifaa cha namna hiyo, maana hadi leo wanajitengenezea.

Gitaa hilo lilipata kazi upesi. Franco alikaa kando ya meza ya mama yake, katika soko la mtaa wa Ngiri-Ngiri, akapiga ili wapita njia wasimame. Aliyesimama kusikiliza aliweza kununua andazi. Kwa hiyo muziki uliingia katika maisha ya mtoto huyu kama njia ya kumsaidia mama kupata chakula cha jioni, na starehe ilikuja baadaye.

Baba anakufa, shule inakatika

Kuelekea mwisho wa miaka ya 1940, Franco akiwa na umri wa miaka kumi hivi, baba yake alifariki dunia. Mshahara wa reli ukaisha, na mama akabaki na watoto pamoja na meza ya mandazi. Masomo ya Franco yalikatika katika shule ya msingi, na hakuyarudia.

Mji wa wakati ule, chini ya utawala wa Wabelgiji, haukuwa na huruma kwa kijana Mwafrika asiye na diploma. Mtoto wa namna hiyo alikuwa na barabara, vibarua vya sokoni na makundi ya vijana wa mtaa. Franco aliijua barabara vizuri, na nyimbo alizozitunga baadaye zinaonyesha hivyo. Lakini alikuwa na kitu cha kumrudisha nyumbani kila siku.

Karibu nao aliishi kijana aliyemzidi umri, Paul Ebengo, aliyejulikana kwa jina la Dewayon. Huyo alikuwa na kitu ambacho Franco hakuwa nacho, yaani gitaa la kweli. Dewayon alipokwenda kazini, mtoto alilishika na kurudia yale aliyoyaona jana yake. Mwanamuziki mwingine, Albert Luampasi, naye alimfundisha. Hakuna aliyemdai karo. Karibu na mwaka wa 1950, Dewayon alimwingiza katika kikundi chake, Watam, na Franco akawa na watu wa kumngojea kwenye mazoezi.

Hapo ndipo tunaona muziki ulimfanyia nini. Haukumrudishia baba yake, wala haukuifanya familia kuwa tajiri. Ulimpa kazi ya kujifunza kila siku, wakubwa wa kumsahihisha, na nafasi ya kuhesabiwa kuwa mtu katika mtaa ambao ungeweza kumsahau.

Miaka 15, mlango wa studio

Mwaka wa 1953, Franco akiwa na umri wa miaka 15, kikundi hicho kiliingia katika studio ya Loningisa, iliyomilikiwa na mfanyabiashara Mgiriki, Basile Papadimitriou. Mpiga gitaa Henri Bowane, aliyekuwa na sauti kubwa katika studio hiyo, alimsikia na kumtambua. Kijana alipewa mkataba, na ni Bowane aliyefupisha jina lake François kuwa Franco. Mwaka huohuo sahani zake za kwanza zilitoka.

Tarehe 6 Juni 1956, mwezi mmoja kabla hajatimiza miaka 18, Franco alikuwa kati ya waanzilishi wa OK Jazz, pamoja na wanamuziki kama Vicky Longomba na Jean-Serge Essous. Jina hilo lilitokana na baa walimokuwa wakipiga, OK Bar ya Oscar Kashama. Hawakujua kwamba kikundi hicho kingedumu zaidi ya miaka 30.

Gitaa halikumfanya malaika

Itakuwa uongo kuandika kwamba muziki ulimwondolea Franco kila tatizo. Mwaka wa 1958 alifungwa kwa sababu ya makosa ya barabarani. Mwaka wa 1978 alifungwa tena, mara hii pamoja na wanamuziki wenzake, kwa ajili ya nyimbo ambazo serikali iliziona kuwa za matusi. Alimwimbia sifa Rais Mobutu, na kuna Wakongomani ambao hadi leo hawamsamehe kwa hilo.

Huzuni nayo ilimrudia. Mwezi wa Agosti 1970, mdogo wake Bavon Marie-Marie, naye mpiga gitaa aliyependwa sana na vijana, alikufa katika ajali ya gari mjini Kinshasa. Franco alivunjika moyo, akaacha kupiga kwa muda. Alipotoka katika kimya hicho, alirudi kwa njia ileile ya utotoni, akashika gitaa na kumlilia ndugu yake kwa wimbo.

Mwaka wa 1980 alipewa cheo cha Grand Maître. Mwaka wa 1985 alitoa Mario, na mwaka wa 1987 Attention na SIDA, wimbo mrefu wa kuwaonya watu juu ya ugonjwa ambao wengi waliogopa hata kuutaja. Alifariki nchini Ubelgiji tarehe 12 Oktoba 1989, akiwa na umri wa miaka 51. Zaire ilimwombolezea kwa siku nne. Mwezi wa Desemba 2021, UNESCO iliiandika rumba ya Kongo katika orodha ya urithi wa kitamaduni usioshikika wa binadamu, na ni vigumu kuisimulia rumba hiyo bila jina lake.

Somo kwa mashariki

Katika Kivu na Ituri, vita vimeacha maelfu ya watoto katika hali aliyokuwa nayo Franco: bila baba, bila shule, na mama anayehangaika sokoni. Si kila mmoja wao atakuwa Franco, na hakuna anayeweza kuwaahidi hivyo.

Lakini maisha yake yanatuonyesha kwamba kipaji pekee hakikutosha. Kulikuwa na mama ambaye hakumfukuza mezani kwake na kelele za mkebe. Kulikuwa na jirani aliyeacha gitaa lake mikononi mwa mtoto wa watu, na fundi mwenye jina aliyekubali kumsikiliza kijana wa miaka 15. Watu hao hawakuwa matajiri, na walichompa kiko pia katika mitaa yetu.